UCHAMBUZI: Baada ya tezi kuondolewa, uhai wa mgonjwa hutegemea tembe na kliniki

NENO saratani lina kishindo chake humu nchini. Katika mwezi mmoja tu wa Julai 2019, taifa lilimpoteza mkurugenzi mkuu wa Safaricom Bob Collymore, mbunge wa Kibra Ken Okoth na gavana wa Bomet Dkt Joyce Laboso, wote watatu kwa maradhi hayo. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) yanaonyesha kuwa mwaka wa 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000. Kwa hesabu hizo, ni vigumu kumlaumu Mkenya ambaye, akiambiwa kuwa uvimbe ulioondolewa shingoni mwake umepatikana na saratani, huwaita jamaa zake kuzungumzia mgao wa shamba.

Hata hivyo, saratani si ugonjwa mmoja. Ile inayozuka katika tezi ya thairoidi ina mwenendo tofauti kabisa na nyingine nyingi. Wengi wa wanaofanyiwa upasuaji kwa sababu yake huishi miaka mingi, wakalea watoto na wakafa uzeeni kwa sababu nyingine. Swali ambalo mgonjwa wa hapa kwetu anafaa kuuliza anapotoka wadini si kama atakufa mwaka ujao, bali ni nani atakayemfuatilia kwa miaka 20 ijayo.

Sehemu ya hofu inatokana na lugha. Kiswahili cha mitaani, na hata cha baadhi ya vituo vya redio, huita ‘saratani ya koo’ maradhi mawili yasiyohusiana. Ya kwanza ni saratani ya umio, yaani njia ya chakula, ambayo imewaangamiza wengi, hasa katika maeneo ya Bonde la Ufa na Magharibi, na ambayo mara nyingi hugunduliwa mgonjwa akiwa tayari hawezi kumeza. Ya pili ni hii ya thairoidi, tezi yenye umbo la kipepeo iliyo mbele ya shingo, ambayo wanakamusi huiita dundumio na ambayo ikivimba husemwa kuwa mtu ana rovu. Aliyemzika jirani kwa ‘saratani ya koo’ miezi michache baada ya ugonjwa kugunduliwa, kisha naye akapewa jina lilo hilo katika kliniki, hana namna ya kujua kwamba ameambiwa jambo jingine kabisa.

Ushahidi mkubwa wa tofauti hiyo ulitokana na janga. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl, nchini Ukraine, kilipolipuka Aprili 1986, iodini ya mionzi ilitapakaa hewani, ikaangukia malisho na kuingia katika maziwa ya ng’ombe. Watoto waliokunywa maziwa hayo waliihifadhi iodini hiyo katika tezi zao. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi iliripoti kuwa kufikia mwaka wa 2005, zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali hiyo, katika Belarus, Ukraine na sehemu za Urusi, walikuwa wamepatikana na saratani ya thairoidi. Waliokuwa wamefariki kutokana nayo kufikia mwaka huo walikuwa 15.

Inafaa kutilia maanani kwamba watoto hao hawakutoka katika mataifa tajiri. Muungano wa Sovieti ulisambaratika mwaka wa 1991, na nchi zao zilipitia miaka ya dhiki kuu ya kiuchumi. Walifanyiwa upasuaji, wengi wakapewa matibabu ya iodini, wakaandikiwa tembe za kila siku na wakawekwa katika orodha za kufuatiliwa. Hilo la mwisho ndilo ambalo sisi hatujalizoea.

Si kila saratani ya thairoidi iliyo na huruma. Madaktari huzigawa katika aina nne kuu. Ya papilari ndiyo ya kawaida zaidi na ndiyo iliyo pole. Ya folikula huifuata, na hii hupenda kusafiri kwa njia ya damu hadi kwenye mifupa na mapafu. Ya medula huzuka katika chembe tofauti za tezi hiyo, na takriban robo ya wanaoipata huwa wameirithi, hivyo basi ndugu na watoto wa mgonjwa wanafaa kupimwa nao. Ya nne, anaplastiki, ni nadra lakini ni mojawapo ya saratani kali zaidi zinazojulikana. Huwapata zaidi wazee, hukua kwa majuma badala ya miaka, na wengi wa wanaougua hufariki kabla ya mwaka kuisha.

Kwa sababu hiyo, karatasi yenye thamani kubwa zaidi ambayo mgonjwa hutoka nayo hospitalini ni ripoti ya patholojia, inayoeleza aina ya saratani, ukubwa wa uvimbe, kama ulikuwa umetoboa ngozi ya tezi, na kama chembe zake zilipatikana katika tezi za limfu zilizo kando. Bila karatasi hiyo, daktari yeyote atakayemwona baadaye atakuwa akipapasa gizani. Ni jambo la kusikitisha kwamba wagonjwa wetu wengi huitunza risiti ya malipo kuliko ripoti hiyo, na wengine huruhusiwa kwenda nyumbani kabla ripoti haijatoka, wasirudi kuichukua.

Takwimu za Marekani, ambako rekodi za wagonjwa huwekwa kwa makini, zinaonyesha kuwa wagonjwa ambao saratani yao ya papilari haijatoka nje ya tezi huishi miaka mitano baadaye kwa kiwango cha zaidi ya asilimia 99, wakilinganishwa na watu wa rika lao wasiougua. Hata ikiwa imefika kwenye tezi za limfu za shingo, kiwango hicho hakipungui sana. Ikiwa imefika mapafuni au mifupani, bado takriban robo tatu huwa hai baada ya miaka hiyo mitano.

Umri nao una uzito usio wa kawaida. Chini ya mwongozo wa kimataifa unaotumika tangu 2018, mgonjwa wa aina ya papilari au folikula aliyegunduliwa kabla ya kutimiza miaka 55 hawezi kuwekwa katika kiwango cha tatu wala cha nne cha ugonjwa. Hata kama chembe zimefika mapafuni, kiwango cha juu kabisa kwake ni cha pili. Sijui saratani nyingine ya kawaida ambayo madaktari huthubutu kuisemea hivyo.

Bila shaka msomaji atasema hizo ni takwimu za Wamarekani. Kweli. Huko, vivimbe vingi hunaswa na mashine vikiwa vidogo kama punje ya hindi, ilhali hapa mtu huweza kuishi na rovu miaka kumi akiifunika kwa leso, akaja hospitalini pumzi inapoanza kumkatika. Isitoshe, mahali ambapo chakula kimepungukiwa na iodini, aina ya folikula huwa na sehemu kubwa zaidi, na nyanda zetu za juu zilijulikana kwa marovu kabla ya chumvi kuanza kutiwa madini hayo katika miaka ya 1970. Kwa hivyo tusijivishe takwimu za wengine kama koti. Lakini pengo kati yao na sisi halisababishwi na uvimbe peke yake. Sehemu yake kubwa hujitokeza baada ya upasuaji, na hapo ndipo penye mambo ambayo nchi hii inaweza kuyarekebisha bila kungoja mashine za mabilioni.

Historia ya tiba ilishatoa funzo hili zaidi ya karne moja iliyopita. Theodor Kocher, mpasuaji wa mji wa Bern nchini Uswisi aliyetuzwa Nobel mwaka wa 1909, ndiye aliyeifanya operesheni ya thairoidi, iliyokuwa ikiua wagonjwa kwa kuvuja damu, kuwa salama. Kisha akafanya jambo ambalo wapasuaji wengi wa wakati wake hawakulifanya: aliwaita tena wagonjwa wake wa zamani. Mwaka wa 1883 alieleza alichokiona. Wale aliowaondolea tezi yote, wengi wao walikuwa wamevimba nyuso, wamekuwa wazito wa mwendo na wa akili, watoto wamedumaa. Operesheni ilikuwa imefaulu lakini mgonjwa alikuwa akizama polepole. Ilikuwa hadi 1891 ambapo daktari Mwingereza George Murray alimdunga mwanamke mmoja dawa iliyotengenezwa kwa tezi za kondoo, na mwanamke huyo akaishi miaka 28 zaidi.

Leo tezi ya kondoo imekuwa tembe ndogo iitwayo levothairoksini, ambayo imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Kwa aliyeondolewa tezi yote, si dawa ya kupona. Ni badala ya kiungo kilichotolewa, naye ataimeza maisha yake yote. Kwa mgonjwa wa papilari au folikula ina kazi ya pili. Homoni inapopungua mwilini, ubongo hutoa amri ya TSH kuihimiza tezi ifanye kazi. Amri hiyo haichagui. Huzihimiza hata chembe za saratani zilizosalia. Tembe huinyamazisha. Kwa wale walio katika hatari kubwa, daktari huongeza kipimo kidogo ili TSH ishuke chini ya kawaida. Lakini ikizidishwa kwa miaka mingi bila kupimwa, moyo huanza kwenda mbio bila mpango na mifupa hudhoofika, hasa kwa akina mama waliokoma hedhi. Ndiyo maana kipimo hakiwezi kuandikwa siku moja kikadumu milele. Damu hupimwa majuma sita hadi manane baada ya kila badiliko.

Hatari ya tembe hii imo katika upole wake. Hukaa mwilini muda mrefu. Siku saba baada ya kumeza ya mwisho, takriban nusu ingali ipo. Mgonjwa aliyeishiwa na pesa akaacha kuinunua hataona chochote juma la kwanza, na huenda wala la pili. Atajiambia kumbe haikuwa na haja. Uchovu, baridi ya mwili, kufunga choo, sauti nzito na usahaulifu vitamjia polepole kiasi kwamba watu wa nyumbani watasema amekuwa mvivu au amerogwa.

Kisha kuna suala la chai. Tembe hii inahitaji tumbo tupu na maji matupu, na kiamsha kinywa kisubiri nusu saa hadi saa nzima. Mkenya anayeimeza pamoja na kikombe cha chai ya maziwa hupoteza sehemu yake, kwa kuwa maziwa na chai huizuia kufyonzwa vyema. Tembe za kalsiamu na zile za kuongeza damu ambazo kina mama wajawazito hupewa kliniki zinafaa kukaa mbali nayo kwa saa nne. Kwa Mwislamu anayefunga Ramadhani, yapo mapatano rahisi: inaweza kumezwa usiku wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya kula. Maelezo haya huchukua dakika tano. Daktari asiyeyatoa, akaona TSH imepanda na kuongeza kipimo, anaitibu chai.

Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji huu anaweza kushika mimba na kujifungua salama, jambo linalofaa kusemwa kwa sauti kwani saratani hii huwapata wanawake takriban mara tatu zaidi ya wanaume, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa. Lakini haja ya homoni hupanda mapema sana katika mimba, kwa takriban thuluthi moja, wakati ambapo ubongo wa mtoto unamtegemea mama. Akingoja hadi mwezi wa tano ndipo ahudhurie kliniki, ilivyo desturi kwa wengi, muda muhimu utakuwa umepita.

Siku za kwanza baada ya upasuaji zina hatari zake. Nyuma ya thairoidi kuna tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele, zinazolinda kiwango cha kalsiamu katika damu. Zikiguswa au kukatiwa damu wakati wa upasuaji, kalsiamu hushuka, kwa kawaida kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Hapo ndipo mgonjwa aliyeruhusiwa mapema huwa ndani ya basi la usiku kuelekea Busia au Kitui. Ganzi na mwasho kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, kisha misuli kukakamaa, ni ishara za kurudi hospitalini mara moja, si za kusuguliwa mafuta. Kwa wengi hali hiyo hupita kwa tembe za kalsiamu na vitamini D. Kwa wachache huwa ya kudumu, nao wana dawa mbili za maisha badala ya moja.

Sauti pia. Neva zinazoendesha nyuzi za sauti hupita kando kabisa ya tezi, na ingawa mikononi mwa mpasuaji mzoefu ni mgonjwa mmoja au wawili kati ya 100 wanaopata madhara ya kudumu, hasara hiyo humwangukia mwalimu, mhubiri au mchuuzi kwa namna ambayo haimwangukii mwingine. Ni haki ya mgonjwa kumuuliza daktari, kabla ya kutia sahihi, hufanya operesheni ngapi za aina hii kwa mwaka.

Tukija kwa iodini ya mionzi, hapa ndipo mipango yetu hupwaya zaidi. Tezi ya thairoidi, na chembe nyingi za saratani zake za papilari na folikula, hufyonza iodini kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili. Mgonjwa hupewa iodini yenye mionzi aimeze, nayo hutafuta mabaki popote yalipo na kuyaua. Ni tiba ya kijanja iliyoanza kutumiwa dhidi ya saratani hii katika miaka ya 1940.

Si kila mmoja anaihitaji. Watafiti wa Ufaransa walichapisha mwaka wa 2022 matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 776 walio katika hatari ndogo, nusu wakipewa iodini na nusu wakiachwa. Baada ya miaka mitatu, takriban 96 kati ya 100 katika kila kundi hawakuwa na tatizo lolote. Habari hiyo ni njema kwa nchi yenye vitengo vichache vya tiba ya nyuklia: mama mwenye uvimbe mdogo uliondolewa wote hana sababu ya kuuza ng’ombe kuitafuta tiba hii. Foleni iachiwe wale ambao ugonjwa wao ulikuwa umetoka nje ya tezi.

Kwa hao, maandalizi ni ya majuma kadhaa. Tembe za homoni husimamishwa kwa takriban majuma matatu hadi manne ili chembe zilizosalia ziwe na njaa, isipokuwa hospitali iwe na sindano ya bei ghali inayofanya kazi hiyo. Katika juma la mwisho au mawili, mgonjwa huepuka chumvi yenye madini ya iodini, samaki wa baharini, maziwa na mayai. Kwa kuwa chumvi ya madukani mwetu kisheria sharti iwe na iodini, na kwa mkazi wa Lamu au Kilindini samaki ndiye kitoweo, hilo si agizo dogo. Aliyepigwa picha ya skani kwa dawa yenye iodini naye hungoja majuma kadhaa zaidi.

Kenya haina kinu cha nyuklia, hivyo iodini hii huagizwa kutoka nje. Nayo haiwekeki: kila siku nane nguvu yake hupungua kwa nusu. Mgonjwa aliyejinyima homoni majuma manne, akavimba uso na kukosa nguvu za kuinuka kitandani, halafu siku ifike idhini ya malipo iwe haijatoka, hapotezi siku moja. Dawa aliyoagiziwa huendelea kufifia, na yeye huanza upya. Vituo vya saratani vilivyofunguliwa Nakuru, Mombasa na Garissa vimewapunguzia wengi safari ya kutafuta mionzi ya mashine, lakini hiyo si tiba moja na hii ya kumeza, na mgonjwa wa thairoidi kwa kawaida bado huelekezwa Nairobi.

Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya hazina ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kiwango cha matibabu ya saratani kiliwekwa kuwa Sh400,000 kwa familia kwa mwaka, na Sh150,000 zaidi kutoka kwa hazina ya magonjwa sugu na ya dharura. Mjadala wote tangu wakati huo umehusu kama pesa hizo zinatosha. Kwa mgonjwa wa kemo au wa mionzi ya mashine, hilo ndilo swali. Kwa wa thairoidi, mwaka mmoja wa gharama kubwa huisha, kisha hufuata miaka 30 ya gharama ndogo: tembe ya kila asubuhi, TSH mara moja au mbili kwa mwaka, kipimo cha thairoglobulini ambacho huonyesha kama kuna chembe za thairoidi zilizobakia mahali, na ultrasaundi ya shingo. Mpango uliobuniwa kwa ajili ya kulipia vita hauna mazoea ya kulipia ulinzi. Serikali za kaunti zinaweza kuanza na mambo mawili, yaani levothairoksini isiyokatika katika maduka ya dawa ya hospitali zao, na utaratibu wa kuchukua damu huko huko na kuituma maabara kuu, ili kinachosafiri kiwe chupa ya damu badala ya mtu mzima na nauli yake.

Muda wa kufuatiliwa nao usidharauliwe kwa kuwa mtu ana afya. Saratani ya papilari inaweza kurudi baada ya miaka 10 au hata 20, mara nyingi katika tezi za limfu za shingo, na ikigunduliwa mapema huondolewa tena bila madhara makubwa. Katika miaka 20 daktari aliyepasua atakuwa amestaafu, mgonjwa atakuwa amehamia kaunti nyingine, na faili iliyoandikwa kwa mkono itakuwa imeliwa na mchwa katika ghala la hospitali. Anayefanyiwa upasuaji mwaka huu atafanya vyema kuomba nakala tatu: ripoti ya patholojia, maelezo ya mpasuaji kuhusu alichoondoa na alichoacha, na matokeo ya kwanza ya thairoglobulini yenye tarehe na jina la maabara, kwa kuwa namba za maabara moja hazilinganishwi kirahisi na za nyingine.